Mtama Mwekundu na Ng'ombe wa Mama Mkwe

Kikao cha ukoo kilikuwa kimekwisha kuamua, chai imenywewa, na wazee wameanza kutafuta bakora zao, ndipo mimi nikafungua mdomo. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, na wangu umekiponza kichwa changu tangu nikiwa darasa la tatu. Siku hiyo tulikuwa Nkoaranga, nyumbani kwa mama mkwe wangu, na kilichojadiliwa ni kipaimara cha binti yangu. Yeye ndiye mjukuu wa kwanza wa nyumba ile, kwa hiyo kila mtu alikuwa na neno la kusema, isipokuwa mama mkwe mwenyewe.

Shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyeongoza kikao. Miaka mingi amefanya biashara ya ng'ombe minadani, na sauti yake bado ni ya mnadani hata akiomba chumvi. Alisema mjukuu wa kwanza hawezi kufanyiwa sherehe kwa nyama ya kupima kwa kilo buchani. Achinjwe ng'ombe, ukoo ule, majirani wale, usharika ule. Wazee wakaitikia. Na katika boma lile ng'ombe alikuwa mmoja tu, wa mama mkwe.

Alikuwa ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe kifuani, wa maziwa. Mama mkwe alimlea tangu ndama, mwaka uliofuata baada ya kufiwa na mume. Nusu ya maziwa aliwauzia majirani, nusu ilibaki ya chai na ya kuchachusha kwa ajili ya loshoro, chakula cha Wameru cha mahindi na maziwa mgando. Asubuhi alizungumza naye kwa Kimeru, taratibu, kama mtu anayemsimulia shoga yake habari za jana. Shemeji alipomuuliza anasemaje, alijibu, "Ng'ombe ni wenu. Fanyeni mnavyoona." Kisha akainuka kukusanya vikombe, wakati vikombe vilikwisha kukusanywa. Nilimwona akisimama katikati ya chumba, mikono mitupu, hajui aipeleke wapi.

Hapo ndipo niliposema, "Huyo ng'ombe hachinjwi. Nyama ya sherehe naleta mimi. Kuku mia."

Halafu mtu mmoja akacheka, na wote wakafuata. "Wachaga bwana!" shemeji akasema. "Hata kipaimara wanataka tenda." Mimi ni mzaliwa wa Kibosho, nimeolewa Umeruni, na utani huo nimeuzoea. Ila hakuishia kwenye utani. Akasema kuku wa kisasa anawajua, ukimshika ni manyoya na kelele tu, wageni watarudi kwao na njaa watangaze. "Sikiliza, shemeji. Alhamisi kabla ya sherehe nakuja kwako Terrat. Nitawashika kwa mkono wangu mwenyewe. Wakiwa wazito, sawa. Wakiwa wepesi, Jumamosi alfajiri ng'ombe anachinjwa, na wewe utakuwa wa kwanza kushika kisu cha vitunguu."

Nikasema sawa. Alikuwa amekuja na kamba mpya ya katani ya kumfungia ng'ombe siku ya kuchinjwa. Akaenda nayo bandani akaitundika kwenye nguzo, mbele ya macho ya ng'ombe mwenyewe. Nilichukia kile kitendo kupita maelezo.

Tuliondoka na mume wangu mpaka tukafika Tengeru. Ndipo akauliza, "Mia?"

"Mia."

Akawasha redio.

Kuku wa nyama nilikuwa nimewafuga miaka saba, kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba yetu. Wauza chipsi ndio wateja wangu. Nilijua kwamba kifaranga akila vizuri, wiki sita zinamtosha kabisa kuwa kitoweo. Nilijua joto, nilijua maji, nilijua chanjo. Nilichokuwa sijui ni kwamba ujuzi wangu wote ulisimama juu ya mahindi, na mwaka ule mahindi hayakuwepo. Mvua ilikuwa imetuangusha. Kwenye mashine ninakosagia chakula cha kuku, watu walipanga foleni na ndoo zao kutafuta unga wa kula wao wenyewe, na mimi ningesimama pale kugombania magunia ya kuwapa kuku? Nilijaribu siku moja. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinitazama, nikaondoka.

Nilikumbuka semina moja ya wafugaji ambako tuliambiwa mtama unaweza kushika nafasi ya mahindi kwenye chakula cha kuku, na mashudu ya alizeti na soya iliyokaangwa vikapunguza mzigo wa dagaa. Hilo nililiandika kwenye daftari. Kama walisema ni mtama wa namna gani, labda walisema wakati mimi nimetoka kwenda kuangalia chai imefikia wapi, maana mimi na chai za semina ni ndugu.

Basi nikaenda Levolosi, kwa mfanyabiashara mmoja wa nafaka mwenye stoo nyembamba iliyojaa magunia mpaka darini. Mtama mweupe ulikuwa umekwisha, watu walikuwa wakisongea ugali. Mwekundu ulikuwepo. Akaniingiza ndani, akatoboa gunia kwa bambo, punje zikamiminika kiganjani mwangu.

Inabidi nieleze kitu hapa, la sivyo utaniona mjinga zaidi ya nilivyo. Mama yangu mzazi alikuwa mpika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Mimi na ndugu zangu tumesoma kwa mbege. Tangu nikiwa na miaka saba nilitumwa sokoni kununua ulezi, na ole wangu nilete ulezi uliopauka. Nilifundishwa kuuchagua: uwe mwekundu wa kuiva, punje ziwe ndogo na nzito, na ukitafuna ubaki na ukali ulimini. Ulezi usiokuwa na ukali, mama alisema, ni wa uji wa wagonjwa. Mkono na ulimi wangu vilijifunza hivyo, na havijawahi kusahau.

Kwa hiyo pale Levolosi nilitazama ule mtama, mwekundu karibu na kahawia, unang'aa. Nikatia punje mdomoni nikatafuna. Ulinikaza mashavu kama ndizi mbichi. Moyo wangu ukafurahi. Nikajiambia, hii ndiyo nafaka, ina nguvu. Mfanyabiashara naye akaongeza, "Huo wapika pombe wanaugombania, mama. Hutaukuta wiki ijayo." Nikauchukua wote.

Vifaranga wangu walikuja wakati wake, mia moja na ishirini, nikijiwekea akiba ya watakaokufa. Wiki mbili za mwanzo niliwapa chakula cha vifaranga cha dukani, wakakua vizuri, wamechangamka, wanakimbizana. Baada ya hapo nikaanza kuchanganya cha kwangu. Mtama mwekundu umesagwa, mashudu ya alizeti, soya nimeikaanga mwenyewe mpaka jikoni kukanukia karanga, dagaa wa ziwani waliotwangwa, chokaa, chumvi kidogo, na ule unga wa vitamini na madini. Nilichanganya kwa koleo sakafuni huku naimba. Nilikuwa nimeshinda mahindi.

Wiki ya tatu ilipoisha niliingia bandani na mzani wangu wa kuning'iniza. Huwa namweka kuku kwenye ndoo yenye kifuniko chenye tundu, namtundika, nasoma. Wa kwanza alikuwa mwepesi, nikadhani nimeshika dhaifu. Nikamchukua mwingine. Nikamchukua wa tano. Nikaanza kuwatafuta wakubwa kwa makusudi, na wakubwa hawakuwepo. Walikuwa wanakula, vyombo vilikuwa vitupu kila jioni, lakini chakula kilikuwa kinapita tu. Kinyesi kilikuwa majimaji, mabawa yana manyoya machache, miguu mirefu, vifua vikali kama upande wa kisu.

Nikafanya kila ambacho mfugaji mwenye hofu hufanya. Niliwapa vitamini. Nilibadilisha maranda. Nilimlaumu muuza vifaranga, nikampigia simu nikamwambia maneno ambayo baadaye nilimwomba radhi. Nilimlaumu mume wangu kwa kuacha mlango wazi. Jumapili tulikwenda Nkoaranga kanisani, na baada ya ibada nikapita bandani kwa mama mkwe. Ng'ombe alikuwa anacheua. Kamba ilikuwa pale pale kwenye nguzo, bado ina rangi ya dukani. Mama mkwe akanipa chupa ya maziwa ya kwenda nayo nyumbani, kama kawaida yake, asiulize lolote kuhusu kuku. Nilishindwa kumtazama machoni.

Jumatatu nikamwita mtaalamu wa mifugo. Alikuja binti mmoja mdogo kuliko nilivyotarajia, amevaa mabuti ya mpira, akanipa shikamoo, akaingia moja kwa moja bandani. Alitazama kinyesi, akafungua mdomo wa kuku mmoja, akapapasa kifua. Kisha akasema, "Mama, hawa sidhani kama wanaumwa. Nionyeshe wanachokula."

Nikamwonyesha kwa fahari. Akapita gunia hadi gunia. Mashudu akayanusa, akaridhika. Soya akaitafuna. Dagaa akatikisa kichwa kidogo kwa sababu ya mchanga. Alipofika kwenye mtama ambao haujasagwa, akatia punje tatu mdomoni, akatafuna, uso ukamkunjamana, akatema nje mlangoni.

"Huu umeuchagua mwenyewe, mama?"

"Mwenyewe."

"Kwa nini huu?"

Nikamweleza. Ukali, uzito, wekundu, mafundisho ya mama. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Halafu akasema, "Huu mtama wanaulima kwa sababu ya huo ukali. Shambani ndege hawaugusi. Wanatua, wanaonja, wanaondoka. Sasa mama, kitu ambacho ndege wamekikataa, wewe umekuja kuwapa ndege."

Nilikaa kwenye ndoo. Nilitaka kucheka na nikajikuta nalia. Yule binti akachuchumaa mbele yangu, akanieleza taratibu. Ule ukali unaokaza mdomo, akasema, unaikamata protini tumboni mwa kuku, haimeng'enywi, inatoka kama ilivyoingia. Soya yangu, dagaa wangu, mashudu yangu, vyote vilikuwa vinakwenda kwenye maranda. Nikamuuliza kama zimebaki wiki tatu, inawezekana? Akafikiri. Akasema kuku wa nyama ana haraka ya kukua, ukimwondolea kizuizi anaweza kufidia sehemu kubwa, lakini tuanze leo hii, si kesho. Kwa siku chache niwape chenga za mchele, zinapatikana. Wakati huo huo, kama sina namna ya kupata mtama mweupe, huu mwekundu uoshwe ukali wake.

"Unaoshwaje?"

"Loweka kwenye maji ya majivu ya kuni, usiku kucha. Suuza sana. Uache uote kidogo, kisha ukaushe, zile chipukizi na mizizi uzisugue zitoke, ndipo usage."

Nilimkodolea macho. Kuloweka, kuotesha, kuanika, kusugua. Hicho ni kimea. Mtoto huyu ananifundisha kutengeneza kimea, mimi niliyetengeneza kimea kabla sijajua kusuka nywele! Ukiondoa majivu tu, kazi yote niliijua kwa mikono. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya mzani nikavuta pumzi mpaka chini.

Tatizo likabaki majivu. Terrat mimi napikia gesi, na majirani zangu wengi mkaa. Majivu ya kuni, tena mengi, niliyajua kwa mtu mmoja tu: mama mkwe, anayepikia kuni za kahawa iliyopogolewa, jiko lake halizimiki. Nilizunguka nyumba mara mbili nikitafuta uongo wa kumwambia. Nitasema ni ya bustani. Nitasema ya kuua wadudu. Mwisho nikachoka na nafsi yangu. Mficha uchi hazai. Nikapanda kwenda Nkoaranga, nikapandisha kile kinjia chake kwa miguu, nikamkuta anamkatia ng'ombe migomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona siku ya kazi?"

Nikamwambia yote, nimesimama, sijakaribishwa hata kiti. Nilimwambia kuku hawakui. Nilimwambia kosa ni langu, si la mtu mwingine. Nilimwambia ninaweza kushindwa, na nikishindwa atakayelipa ni huyu hapa, nikamwonyesha ng'ombe kwa kidevu. Mama mkwe aliendelea kukata mgomba vipande vidogo vidogo mpaka nikamaliza. Kisha akafuta panga kwenye nyasi.

"Majivu yapo," akasema. "Chukua yote."

Tukayachekecha, tukajaza gunia. Nilipoinama kulibeba, aliingia ndani, nikadhani ameudhika. Akatoka amevaa koti lake la kanisani, kitenge kichwani, beseni kubwa la bati mkononi. Alikuwa amekwisha kumwita jirani amkamulie ng'ombe. Akasema anakwenda Terrat kumsalimia mjukuu.

Alimsalimia mjukuu kwa siku kumi na mbili.

Sikuwahi kuishi na mama mkwe chini ya paa moja kwa muda mrefu hivyo, na nakiri niliogopa. Yeye ni Mlutheri wa kweli, kwaya ya akina mama miaka yote, hajawahi kulamba pombe. Mimi ni binti wa mpika mbege, Mkatoliki niliyehamia usharika wao kwa ndoa. Na sasa sisi wawili tulikuwa tunaotesha mtama. Usiku tuliloweka kwenye mapipa ya maji ya majivu, yanateleza vidoleni kama sabuni. Asubuhi tulisuuza mara tano, mara sita, yeye akionja punje kila mara na kutikisa kichwa: bado, bado, hapo sawa. Kisha tunautandaza kwenye magunia yenye unyevu na kuufunika. Nikamfundisha jinsi ya kujua kimea kimefika, chipukizi iwe fupi, isipite urefu wa punje mara mbili. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na mkali. Siku ya tatu alikuwa ananikosoa mimi.

Tulianika uani kwenye turubai. Jua la Terrat halina mzaha, na harufu ya kimea ikasambaa mtaa mzima, tamu na nzito, harufu ya utoto wangu. Mchana mmoja mzee wa kanisa wa mtaa wetu alipita, akasimama getini. Alimtazama mama mkwe, ambaye alikuwa amepiga magoti juu ya turubai, mikono yote miwili imezama kwenye kimea.

"Mama," akasema kwa taabu, "habari za hapa?"

"Njema, mzee. Karibu."

"Naona mna… shughuli."

"Tunapika chakula cha kuku," mama mkwe akajibu bila kuinua kichwa. Yule mzee akatazama kimea, akanitazama mimi, akamtazama tena yeye. Akasema Bwana awabariki, akaenda zake. Mama mkwe alisubiri mpaka hatua zake zimepotea, ndipo akacheka, akacheka mpaka akalala chali juu ya mtama. Sikuwa najua kwamba anacheka hivyo.

Siku nyingine, tukisugua chipukizi zitoke kati ya viganja, nilimuuliza kwa nini hakukataa siku ya kikao. Nilimwuliza kwa hasira kidogo, maana lilikuwa limenikaa. Ng'ombe ni wake. Angesema hapana, nani angemwambia nini?

Alichota punje nyingine. "Ningewezaje kumnyima mjukuu?" akasema. "Watu wangesema bibi anapenda mnyama kuliko damu yake. Na mimi ningejiuliza kama ni kweli." Akapepeta ungo, mizizi mikavu ikaruka na upepo. "Lakini yule ndiye anayeniamsha. Tangu baba yenu aondoke, yule ndiye anayeniita asubuhi. Asiponiita, mimi niamke kwa ajili ya nini?"

Niliendelea kusugua, nikiwa na aibu kwamba nilimhesabu ng'ombe kama maziwa na loshoro tu.

Kuku walibadilika. Kwanza ilikuwa kinyesi, siku ya nne tu baada ya kuacha ule mtama. Halafu sauti, kwa sababu kuku anayekua ana sauti nyingine, ya uvivu na kushiba. Wakati kimea chetu cha kwanza kilipokauka, tukakisaga na kukichanganya na soya na mashudu, na nikaongeza soya kidogo kufidia protini iliyopotea. Dagaa niliwapa mpaka zilipobaki siku kumi, kisha nikawaondoa kabisa, maana yule binti wa mifugo alinionya: ukiendelea nao mpaka mwisho, wageni watakula kuku anayenukia samaki. Kila jioni mama mkwe alishika tochi na mimi nikashika ndoo ya mzani. Alikuwa hasomi namba zile, macho hayamruhusu. Alisoma uso wangu.

Alirudi kwake zilipobaki siku chache, kujiandaa na wageni. Hakuniuliza kama kuku watafikia uzito. Getini aliniambia tu, "Umefanya," akaondoka na beseni lake.

Alhamisi shemeji akaja. Nilikuwa nimekaa tangu alfajiri nikimsubiri, na nilipomwona anashuka nikatamani angeahirisha. Nilimletea mzani. Akausukuma pembeni kwa mgongo wa mkono. "Mzani ni wa watu wa buchani," akasema. Miaka yote ya mnadani alipima ng'ombe kwa kiganja na jicho. Akavua koti, akanipa nilishike, akaingia bandani.

Alisimama kwanza, akawatazama wakimkwepa. Halafu akainama, akamchukua mmoja pembeni, si mkubwa, hilo nilimwona akifanya makusudi. Akamweka kiganjani, akamwinua, akamshusha, akampapasa kifua kwa kidole gumba. Akamwachia. Akachukua mwingine. Akachukua wa tatu, akamgeuza, akapuliza manyoya kuona ngozi.

"Mbona weupe hivi?" akauliza. "Kuku wako wamekuwa Wazungu?"

"Ndiyo rangi yao wakila mtama. Mahindi ndiyo yanayowapaka manjano. Nyama ni ile ile."

Akamchukua wa nne, akakaa naye mkononi muda mrefu kuliko wote. Mimi nilikuwa nimelikumbatia koti lake utadhani ni mtoto. Akamshusha chini polepole, akajipangusa.

"Shemeji," akasema, "hawa wana nyama."

Akatoa simu mfukoni, palepale bandani, akampigia mchinjaji. Alisema kwa sauti yake ya mnadani kwamba Jumamosi asije, mipango imebadilika, ndiyo, hachinjwi ng'ombe, ndiyo, kuku. Aliposema neno kuku alinigeukia akacheka, na mimi nikakaa chini juu ya gunia tupu. Nililia mbele yake na sikujali. Aliniacha nilie. Alipoondoka alichukua kuku mmoja, akasema ni wa kuonja, na kwa furaha niliyokuwa nayo angeweza kuchukua kumi.

Jumapili binti yangu alibarikiwa pamoja na wenzake, gauni jeupe, anajikwaa kwa viatu vya kisigino. Watu walikula. Wengine waliuliza wale kuku nimewalisha nini, wana nyama tamu ya kutafuna, na mzee wa kanisa wa Terrat, aliyealikwa pia, alimtazama mama mkwe kwa jicho la pembeni huku akiongeza paja la pili. Chai ilikuwa ya maziwa ya asubuhi ile.

Jumanne nilipanda tena Nkoaranga kurudisha masufuria. Mama mkwe hakuwepo nyumbani. Nikapita bandani kama ninavyopita siku zote, na jicho langu likaenda kwenye nguzo. Kamba haikuwepo. Ng'ombe alikuwepo, mzima, anacheua, lakini ile nguzo tupu ilinishtua, nikasimama pale na masufuria yangu mikononi nikiwaza shemeji amebadilisha tena mawazo.

Ndipo ng'ombe akainua kichwa akaita. Chini ya migomba mtu akamjibu kwa Kimeru, na mama mkwe akatokea kwenye kinjia, mzigo mkubwa wa majani mabichi mgongoni, umefungwa barabara kwa kamba mpya ya katani. Akautua mbele ya ng'ombe, akaifungua, akaikunja vizuri, akaitundika kwenye nguzo pale pale ilipokuwa.

"Mwambie shemeji yako kamba yake ni nzuri," akasema, akijinyoosha mgongo. "Haikati bega."